Kumshuku Mchumba

Muuguzi mmoja alikuwa kwenye treni, akitoka kazini, aliposikia wanawake wawili wa kiti cha mbele, waliokutana humo humo, wakibishana.

"Riwaya ninayoandika imenikwamia," alisema mwenye miwani. "Msomaji akimshuku mchumba mapema, mapenzi yanakufa. Asipomshuku, hofu itatoka wapi?"

"Kwani mtu akishuku anaacha kupenda, mwanangu?" alijibu mama aliyepakata nguo za kushona. "Mwache binti wa riwaya yako ashuku, na bado ampende."

"Sasa kwa nini asimwulize?"

"Anaogopa kujibiwa."

Muuguzi akatoa simu mkobani. Harusi yake ilikaribia, na mchumba wake alikuwa hajawahi kumpeleka kwao. Treni ikasimama. Wale wawili wakashuka wakiendelea kubishana. Yeye akabaki ameshika simu, akitafuta neno la kuanzia.