Kliniki ya Alhamisi

Gari letu lilikuwa linateremka kutoka Lushoto. Mzee Sheshe, aliyekuwa ameshajitambulisha kwa abiria wote, alikuwa anamwonyesha mama wa kiti cha pembeni miguu yake iliyovimba. "Mwaka jana nilipata shambulio la moyo, mwanangu," alisema, utadhani anasimulia harusi. "Kliniki ya moyo ni Jumanne, sikosi. Ya sukari ni Alhamisi, na Alhamisi ni soko, nauza kabichi. Sukari yenyewe hata hainiumi."

"Baba, siku ni mbili lakini mwili ni mmoja," mama alimjibu. "Moyo wako una kovu. Sukari ikipanda inaharibu mishipa inayoulisha, moyo unazidi kushindwa kusukuma damu. Ndiyo maji hayo miguuni. Mume wangu alikuwa hivyo hivyo."

"Yuko wapi sasa?"

"Nyumbani, anakunywa chai bila sukari na kununa."

Mzee alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Mimi nina meza pale sokoni," mama aliendelea. "Alhamisi niachie kabichi, wewe nenda kliniki."

Kicheko kilikatika. "Kabichi zangu? Nimwachie mtu niliyekutana naye garini?"

Gari lilisimama Soni, mzee akashuka taratibu huku akimtazama mama yule dirishani. Njia nzima, hapo tu ndipo nilipomwona ana wasiwasi.