Mlango wa Jikoni

Mimi si mbea, ila kiti changu kwenye basi kilikuwa nyuma yao: bibi mmoja, zamani matroni wa bweni, na mama wa makamo aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Walikuwa wakienda kwenye maadhimisho ya chuo chao.

"Matroni, tulikuwa tunaruka ukuta kwenda dansini, na hukuwahi kujua!" mama alijigamba.

"Nilijua. Mlango wa jikoni nilikuwa siufungi makusudi, msije mkavunjika miguu."

"Acha hizo, Matroni! Sketi zetu zote zilichanikia kwenye ule ukuta!"

"Kwani nani aliwaambia mruke? Mngesukuma tu mlango."

"Ulikuwa umefungwa!"

"Mliujaribu?"

Basi likasimama. Wakashuka wameshikana mikono, wakalipita geti lenye maputo na muziki bila kuingia, wakazunguka nyuma ya chuo kuelekea jikoni, bado wanabishana.