Majibu ya Gidamis

Kabla hakujapambazuka, kifuniko cha birika kilianza kugongagonga, na Kornelia akainuka haraka. Enzi zile za Mwingereza lori la Mbulu halikumngoja mtu. Njiani, mtoto mapajani, aliwasikiliza jirani zake. Kijana Gidamis alikuwa anakwenda bomani kuulizwa maswali ya kazi ya ukarani, na majibu kayaandika kwenye karatasi.

“Mkono mmoja unavua kofia, wa pili unasalimia,” alisema mzee Shumbana mwenye duka, ambaye hakuna aliyemwuliza. “Hiyo utaishika kwa meno?”

“Nikiogopa nasahau, baba. Na nikikosa leo, narudi kuchunga.”

“Basi wataiajiri karatasi!”

Watu wakacheka. Kornelia alimwombea kimyakimya.

Lori likasimama. Gidamis akashuka, karatasi kaitia mfukoni, midomo ikichezacheza.

Mtoto akasema kwa sauti, “Mama, mjomba anaongea peke yake.”