Pumziko la Baba

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la Fundi, na asubuhi ile cherehani yake haikulia kabisa. Binti yake, anayetunga muziki wa okestra huko ng'ambo, alikuwa amemtumia albamu yake ya kwanza kwenye simu. Vipande saba, na hakuna anayeimba. Cha sita kinaitwa "Cherehani". Cha saba, "Pumziko la Baba". Hapo ndipo kahawa ilipotupalia, maana wiki iliyopita Fundi alipimwa kifua hospitali, na namba aliyoacha ya kupokelea majibu ni ya huyo huyo binti.

— Pumziko la milele hilo, akasema Wakili, ambaye uwakili wake ni kuwajazia watu fomu. Mtoto ameshapewa majibu. Anakuaga kistaarabu.

— Hebu funga bakuli lako! akafoka Mama Kahawa. Huoni mwenzio kakaa hapa hapa?

— Mimi nasoma kilichoandikwa. Watu themanini wapige vyombo kwa ajili ya kikohozi tu?

— Labda wamemwambia umebakiza mwezi, nikaropoka mimi. Nilitamani niumeze ulimi wangu.

Fundi akaufuta uso kwa futikamba yake ya kupimia.

— Nina sare arobaini za shule humo ndani, jamani. Nani atazimaliza?

Akatokea mwalimu wa kwaya, kafuata suruali yake. Alipoelezwa, akaomba kukisikia hicho cha saba. Fidla za okestra zikaenda mbio, tatata-tatata kama cherehani, halafu zikakatika ghafla.

— Simu imekufa! akaruka Wakili.

— Haijafa, akasema mwalimu. Kwenye muziki, pumziko ni pale vyombo vinaponyamaza. Mzee, binti alipokuwa mdogo, cherehani ulikuwa ukiisimamisha wakati gani?

Fundi akafikiri.

— Yeye akishalala. Nilikuwa nasimamisha nisikie kama anapumua. Alikuwa na kifua kibaya utotoni, mwanangu yule.

— Basi ndilo hilo pumziko aliloliandika.

Loh, tulivyocheka! Wakili akacheka kuliko wote, eti yeye alijua tangu mwanzo. Mama Kahawa akatumiminia tena bila kuombwa.

Mwalimu akachukua suruali yake, akaikunja.

— Na majibu ya hospitali, umeshamuuliza huyo binti?

Fundi akaitazama simu mkononi. Alikuwa bado hajamuuliza. Fidla nazo zilikuwa bado hazijarudi.