Mlango wa Baudouin Cirhuza

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo hatuanzi na muziki. Leo tunamkumbuka Baudouin Cirhuza, mwandishi wa tamthilia, mzaliwa wa Bukavu, mkazi wa Thamesmead. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sitini na mitatu. Narudia: mwandishi wa tamthilia. Narudia kwa sababu kuna watu hapa London watakaowaambia alikuwa mfagiaji tu. Na watu hao hao, ikiwafaa, watasema alikuwa msanii wao.

Kule Bukavu alikuwa na kikundi chake cha maigizo. Vita vikamleta huku. Akapata kazi ya usafi katika jumba moja la maigizo kando ya mto. Jina la jumba silitaji, sitaki kulitangaza bure. Miaka kumi na tisa alifagia jukwaa lile. Miaka kumi na tisa, wasikilizaji, na hakuwahi kusimama juu yake bila ufagio.

Nyumbani aliandika. Tamthilia yake inamhusu mzee anayekimbia vita amebeba mlango wa nyumba yake mgongoni. Watu wanamcheka. Yeye anawajibu kwamba kuta atajenga popote, lakini mlango huu aliuchonga baba yake. Mara nne Baudouin aliipeleka tamthilia hiyo kwa wakubwa wa pale kazini. Mara nne wakamjibu kwa tabasamu: bajeti hakuna. Bajeti! Mwaka ule wa mara ya nne walimlipa mshauri awaeleze kwa nini Waafrika hawaji kwenye jumba lao. Na mtu wa kuwaeleza alikuwa akiwazolea taka kila asubuhi.

Siku moja, akimwaga pipa, aliona picha yake kwenye ripoti iliyotupwa. Ilikuwa ripoti ya kuomba fedha za umma za sanaa, ya kuonyesha jinsi jumba linavyowajali watu wote. Chini ya picha wameandika: msanii mshiriki kutoka Kongo. Ufagio wameukata.

Mkewe, Mama Euphrasie, aliniambia hivi: "Alifika na ile karatasi, akanikalisha. Akasema, Euphrasie, ona. Mu ripoti niko artiste. Mu mshahara niko mutu wa kufagia. Njo kusema bananijua, banafanya makusudi." Yaani wanamjua, wanafanya makusudi.

Binti yao Miradie akamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake: "Dad, they're using you." Baba, wanakutumia tu. Na ndivyo ilivyokuwa.

Baudouin akaenda kwa wakubwa. Hakudai fidia. Aliomba jioni moja tu, Jumatatu, siku ambayo jumba huwa limefungwa. "Kama niko artiste wenu, munipe jukwaa siku moja." Wakasema watalijadili. Walijadili miezi minane, huku wakila sandwichi. Nami nakiri: kikao kimoja nilialikwa, eti mdau. Nilikula. Nikatia saini kwamba nimeshirikishwa. Juu ya Baudouin sikusema neno. Naona aibu mpaka leo.

Daktari alikuwa ameshamwambia figo zimechoka. Hakungoja tena. Akaokota mlango wa mbao uliotupwa mtaani Thamesmead, akakodi ukumbi wa kanisa Plumstead aigize tamthilia yake mwenyewe. Dereva wa basi akaukataa mlango. Basi Baudouin akaubeba mgongoni, kwa miguu, saa nzima na zaidi, mvua ikimnyeshea. Tulikuja watu tisini na sita. Tulicheka, tukalia, na mwisho hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

Mnajua nani alipiga simu asubuhi yake? Jumba! Walitaka idadi ya watazamaji na umri wao, waitie kwenye ripoti. Asante ya punda ni mateke, lakini hata punda hakujazishi fomu kabla ya teke.

Juzi wameleta maua. Pamoja na maua, barua. Wamepata ufadhili wa maonyesho ya "sauti za jamii", na sasa wanauomba ule mlango wausimamishe ukumbini mwao. Mama Euphrasie alimwambia Miradie aandike jibu, naye kanisomea: "Bakuje kuutwaa. Ila gari hapana, basi hapana. Baubebe ku mugongo, toka Thamesmead mpaka kule. Na chini yake baandike: mufagiaji wetu, miaka kumi na tisa."

Mpaka naingia studio, hawajajibu. Wako kikaoni, bila shaka.

Mama Euphrasie, Miradie, poleni sana. Mungu amlaze Baudouin mahali pema. Mazishi ni Jumamosi, na mlango utakuwepo.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, wafagiaji, wauguzi, walezi wa wazee wa watu, najua wengi wenu mna daftari chini ya mto. Mkiona picha yenu kwenye ripoti ya mtu, ulizeni jukwaa mtapewa lini. Mimi nimealikwa tena Alhamisi, kikao cha wadau. Nitakwenda na ukurasa wa kwanza wa tamthilia ya Baudouin, nitausoma kwa sauti mpaka mwisho. Na sitakula.