Watoto Walioimba na Koo Yangu

Hapana, si mafua. Na wewe mama wa hapo mbele, rudisha hiyo pipi ya kifua kwa mkoba, nimeshaona ukiitafuta. Hii sauti ndiyo yenyewe. Asubuhi inakwaruza, jioni inakwaruza, hata nikisali Mungu anajua ni mimi bila kuuliza jina.

Mama mwenyekiti wa huu mkutano wetu wa shukrani ameniambia, "Eleza yote, na uwe mfupi." Sasa mama, nichague gani?

Ndugu zangu, mimi shule niliingia nikiwa na wajukuu. Hiyo shule ya msingi ya Katoliki huko kwetu Kisegi. Sista mkuu wa shule alinisikia nikianzisha wimbo kanisani, akanifuata mpaka nje. Sista wetu ametoka Ntimaru, na anaongea kama mtu anapita kwa matope na viatu mpya. "Mama... watoto wetu... wanaimba kama mbuzi... wamenyeshewa. Njoo... utusaidie." Nikamwambia, Sista, mimi hata jina langu siwezi kuandika. Akasema, "Mimi... sijakuomba uandike."

Kwa hivyo namna yangu ya kufundisha ni moja tu: nifuate. Naimba, wanaimba. Nikitaka sauti ya juu nawaambia, toa ile ya mama wa dagaa za omena akiita wateja: "Omenaaa!" Nikitaka ya chini, toa ile ya Fada akisafisha koo kabla ya mahubiri: "Hrrrm!" Watoto wanacheka, na wakishacheka wimbo umeshaingia. Kitu moja tu nilikuwa nakataza, kubadilisha. "Vile Dana ameimba, ndivyo utaimba. Usiongeze chumvi." Wananiita Dana, nyanya yao, wote, hata wale si wa Wajaluo. Sasa hiyo amri, ngojeni muone vile ilinigeukia.

Shingo ikaanza kuvimba. Nikaifunga leso. Ikavimba, nikafunga leso kubwa. Mwisho nikaletwa hapa Homa Bay hospitali. Daktari ni kijana msafi, lakini alikuwa anasalimia shingo, hasalimii mimi. "Habari ya leo? Hii tutaitoa. Lakini imekaa karibu na sauti. Sauti inaweza rudi, inaweza kataa. Hatujui." Wakaitoa vizuri, Mungu awabariki. Nilipoamka nikaomba maji, na kitu kikatoka kama sufuria inasuguliwa na mchanga. Nikageuka nione ni mgonjwa gani ameongea.

Mnacheka. Mimi sikucheka.

Nikaenda nyumbani kungoja sauti irudi. Kila asubuhi kabla ya kusalimia mtu nilijaribu mstari mmoja kwa kuku. Kuku walikuwa wananiangalia na jicho moja, halafu wanaondoka. Na Askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara, na misa nzima ni ya watoto wangu kuimba. Chakula kikakataa kushuka. Sikujua ni kidonda ama ni woga. Nawaambia, mwalimu amesoma akikosa sauti ataandika kwa ubao. Mimi nikikosa, nimebaki na nini? Nikae nje nikiangalia mvua?

Siku nilirudi shule, watoto wakapiga makofi. Nikasema, nifuateni. Nikaimba mstari na ile sauti ya sufuria.

Wakanifuata.

Uwi, yawa! Darasa nzima inakwaruza! Wadogo kwa wakubwa, wamekaza shingo, macho yametoka. Hawakuwa wananidharau, walikuwa watiifu! Nilikohoa katikati, na wao wakakohoa, wote pamoja, vizuri sana. Sista akafika mlangoni. "Mama... huo ni... wimbo mpya?"

Kesho ikawa hivyo hivyo. Nikawaambia, imbeni vizuri. "Vizuri ni vipi, Dana?" Na siwezi kuonyesha! Jioni Sista akaniita pembeni. "Mama... ukichoka... tutaazima spika... ya kucheza nyimbo. Watoto... wafuate spika." Alisema na upole, na huo upole ndio ulinimaliza. Angenigombeza ningejua nitajibu nini.

Jumamosi, mazoezi ya mwisho, nilifika mpaka dirisha ya darasa lakini sikuingia. Nikasimama nje kama mwizi wa kuku. Ndani walikuwa wanacheza mchezo wao, kuiga watu. Sijui wametoa wapi hiyo tabia. Msichana mmoja wa darasa la nne ndiye fundi. Akafanya Fada, "Hrrrm!" Akafanya Sista na matope yake. Wakaanguka na kicheko. Mwingine akapiga kelele, "Fanya Dana!"

Nikajua sasa naletewa sufuria yangu.

Yule mtoto akaweka mkono kwa kiuno, akainua kidevu, akaanzisha wimbo wa kuingia. Ndugu zangu, ilikuwa ile sauti yangu ya zamani. Na vile mimi huvuta mwisho wa mstari kama navuta ng'ombe amekataa kamba. Na ule upepo unapita kwa jino nimekosa, na yeye meno yake yote iko! Wengine wakamfuata, safi, bila kukwaruza. Nilidhani sauti yangu imebaki kwa hospitali. Kumbe imekaa kwa dawati, inavaa sweta imetoboka kiwiko.

Sasa nishukuru kabla sijamaliza, maana nikisema ile ya mwisho hamtasikia kitu ingine. Asante kwa daktari, siku moja atasalimia na uso pia. Asante kwa nyinyi akina mama mlinipikia uji mwepesi, hata yule aliunguza. Asante Sista, spika haikuazimwa, na Askofu alisikia misa mpaka akasahau kuangalia saa. Na kama uko na kitu unajua kufanya, uweke kwa watoto wakati bado uko nayo. Ndio hiyo tu nimejifunza.

Basi siku ile nilikimbia nikaingia darasa, machozi mpaka kwa leso. Furaha ikanidanganya, nikafungua mdomo: "Haya, nifuate..."

Yule msichana akaninyooshea mkono kama askari wa barabara.

"Dana, wewe nyamaza. Ukiimba unatuharibu."