Feliksi Ntamagiro na Suti ya Ziwani

Marehemu Feliksi Ntamagiro alizaliwa tarehe 12 Mei 1968 huko Mwandiga, Kigoma, mtoto wa tatu wa mzee Alphonce na mama Yunisi, wakulima wa maharage na migomba. Ziwa alikuwa akiliona kwa mbali tu, kutoka mlimani, na mama yake alimkataza kulisogelea. Alitii mpaka utu uzima.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mwandiga kuanzia 1976 hadi 1982, kisha sekondari Tabora, akamaliza 1986. Wenzake wanamkumbuka kwa sindano na uzi: shati lililochanika lilipelekwa kwake kabla mwalimu wa zamu hajaliona.

Aliporudi Kigoma alifungua duka la jezi na fulana karibu na stesheni. Mwaka 2016 walikuja wageni kuandaa triathloni, yaani mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo. Mjini hawakuaminiwa. Mtu gani atoke Ulaya, alipe nauli, ili tu achoke? Kibirizi walisema hao wanapima mafuta chini ya ziwa. Ujiji walisema maboya waliyoyaweka majini ni mipaka ya hoteli. Feliksi naye hakuwaamini, ila aliwachapia fulana. Miaka miwili baadaye shughuli yote ilikuwa mikononi mwake: suti na kofia za kuogelea, vyumba vya wageni, boti za uokoaji, na safari ya kuona sokwe kwa waliobaki na nguvu.

Alikuwa amefunga ndoa na Regina tarehe 9 Septemba 1995, parokiani Ujiji. Regina hunusa jambo kabla halijaiva. Feliksi alikuwa akiwaambia wateja kwamba nyumba yake haihitaji mbwa.

Mwaka 2018 alianza kutoka alfajiri. Alisema anakagua njia ya baiskeli, na baiskeli imeegemea ukutani. Regina akapekua begi lake, akakuta vazi jeusi la kubana, lenye maua ubavuni na zipu mgongoni, bichi. Alijaribu kulivaa mbele ya kioo, halikupita mapajani. Akamwambia dada yake, Genoveva, kwamba kuna binti mwembamba mahali. Genoveva akamshauri asiseme kitu, amfuate.

Kesho yake alimfuata kwa bodaboda hadi ufukweni Katonga. Akamwona mumewe katika maji ya magotini, kifudifudi, amevaa lile vazi la maua, na msichana amemshika tumboni.

Regina aliingia ziwani na viatu vyake. Yule msichana, Ziada, binti wa mvuvi wa Kibirizi, alimwamkia bila kuondoa mikono.

"Shikamoo, mama. Nikimwachia anazama."

"Na azame. Hilo vazi kaliingiaje?"

"Linavutika," Feliksi alijibu, maji yakimtoka puani. "Regina, nawauzia watu ziwa nisiloweza kuliogelea. Wakijua, nimekwisha."

Regina aliamini nusu. Kwa ajili ya ile nusu nyingine, alikwenda naye kila alfajiri, akakaa mchangani na kanga ya kumfutia maji, macho kwa Ziada. Oktoba 2019 Feliksi alishiriki mashindano yake mwenyewe na kutoka majini wa mwisho, huku mkewe akimfuata kwa boti.

Agosti 2024 alianza tena kwenda peke yake, akisema Regina apumzike. Akirudi alianika suti kambani kama kawaida. Regina akaigusa: kavu. Kesho yake, kavu. Mara hii hakumshirikisha Genoveva. Alipanda bodaboda, akamfuata, akamkuta kwenye benchi la hospitali, kwenye foleni ya kliniki ya figo.

"Nilidhani utafurahi siendi kwa Ziada," Feliksi alisema.

"Ningefurahi ungekuwa kwa Ziada."

Alitibiwa Kigoma, baadaye Mwanza, kisha akaomba arudi nyumbani. Alifariki dunia alfajiri ya Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Regina. Wapo wanaonong'ona kwamba ni wivu wa biashara, na wapo wanaosema ziwa lilimdai. Familia inasema ni figo, na inawaomba wenye maelezo mengine wabaki nayo.

Ameacha mjane, Regina; watoto wawili, Diana na Jonathan; mjukuu mmoja; na Ziada, ambaye familia inamhesabu kuwa binti wa nyumba, kwa kauli ya Regina mwenyewe.

Suti yake tumeiweka naye ndani. Regina aliipeleka Katonga leo alfajiri, akaichovya, akairudisha bila kuikamua. Watakaobeba jeneza wakihisi unyevu begani, wasishuku jambo.

Apumzike kwa amani. Safari hii Regina hamfuati.